Ndoo Chini ya Meza ya Fundi Simu

Chini ya meza ya fundi wangu wa simu kuna ndoo ya lita ishirini, iliyowahi kuwa ya rangi ya ukutani. Kwa miaka nimekaa kwenye kibao chake pale Makumbusho, Dar es Salaam, karibu na kituo cha daladala, nikisubiri kioo kibadilishwe au sehemu ya chaji isafishwe, na miguu yangu imeigonga ndoo ile mara nyingi bila kujiuliza ina nini. Nilijua tu kwamba kitu kikimshinda, mkono wake unashuka chini ya meza bila macho kuufuata, kisha unasikia: ko.

Mwezi uliopita ndipo nilipoinama nikachungulia. Nilikuwa nimempelekea simu kumi na moja.

Tulikuwa tunahama nyumba, na uvunguni mwa kitanda nikavuta mfuko wa rambo, wa enzi kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku mwaka 2019. Ulikuwa mzito kama umejaa mawe. Ndani: Nokia mbili za batani ambazo mimi na dada yangu tulizinunua tulipopata kazi, kitochi kimoja, Tecno tatu zilizopasuka kioo kila moja kwa namna yake, Samsung ndogo iliyokula maji, nyingine tatu ambazo hata sikumbuki zilikuwa za nani, na ya bibi. Chini yake lundo la waya: chaja za pini nyembamba, chaja za pini nene, hedifoni zenye sikio moja zima, na ile chaja ya kobe inayobana betri kwa meno yake mawili na kuwaka taa za rangi rangi.

Mume wangu alisema nitupe. Nikaubeba mfuko hadi kwenye gunia la taka, nikaurudisha ndani. Nikaubeba tena. Kilichonizuia kilikuwa ile simu ya bibi.

Ilikuwa simu ya Mchina, ndivyo tulivyoziita zote: laini mbili, antena ya televisheni inayovutwa kama ya redio, tochi kichwani, na spika ya kutisha kwa sauti. Bibi alikuwa anauza ndizi na viungo sokoni Muheza, na masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka. Simu nyingine zote tulizomnunulia alizirudisha. Hii aliipenda kwa sababu ikiita, muuza mchicha wa meza ya tatu ndiye anayemwambia, "Bibi, simu yako hiyo." Aliifunga kwenye pindo la kanga, na soko zima likawa linajua wajukuu wanapiga lini.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia nchi nzima. Wanaokumbuka wanakumbuka zile wiki za kabla yake: unabonyeza *#06#, namba ya IMEI, kitambulisho cha simu yenyewe, inatokea, unaituma kwenda 15090, unasubiri jibu kama unasubiri matokeo ya mtihani. Ya bibi ilikuwa bandia. Asubuhi yake ilikuwa bado inawaka, tochi inafanya kazi, nyimbo za kwenye memori kadi zinapiga, ila mtandao hauisomi. Kenya walikuwa wamepitia hayo hayo mwishoni mwa Septemba 2012, na huko simu zilizozimwa zilikaribia milioni 1.9. Sababu za kuzima zilielezwa vizuri na mimi sizipingi. Ila nimejaribu sana kukumbuka kama kuna mtu yeyote mtaani kwetu aliyeuliza: mamia ya maelfu ya simu zilizokufa usiku mmoja, kesho asubuhi zinakwenda wapi?

Ya bibi haikwenda popote. Aliendelea kuitumia kama redio ya nyimbo zake hadi betri ilipovimba na kifuniko cha nyuma kikakataa kufunga. Akakifunga kwa mpira wa pesa, akaendelea. Alipofariki, ikaja kwangu ikiwa imeviringishwa ndani ya kanga, na mpira wake.

Fundi aliutazama mfuko wangu, akasogeza pembeni kazi aliyokuwa nayo. "Dada, hizi unataka zipone au unataka zipumzike?" Nikamwambia sijui, nimekuja kumuuliza yeye.

Alianza na betri. Kabla hajashika bisibisi alitoa betri zote zinazotoka, akazipanga juu ya kitambaa, akazipitisha kidole moja moja akitafuta tumbo. Nne zilikuwa zimevimba. Ya bibi ilikuwa kama andazi. Hizo aliziweka mbali kabisa, kwenye kona ya saruji. Kisha akachukua simu moja moja na kuiunganisha na kile kimashine chake chenye namba nyekundu, kinachoonyesha simu inavuta umeme kiasi gani. Nilikuwa nimekiona mara nyingi, sikuwahi kukisoma. Iliyokufa kabisa haivuti kitu, namba zinabaki sifuri. Iliyopiga shoti inavuta umeme mwingi hata kabla hujabonyeza cha kuwashia, na ukiigusa bodi yake utakuta mahali pamoja pana moto. Iliyo hai, namba zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala.

Tatu zilikuwa hai: kitochi, Tecno moja na ile Samsung iliyokula maji, ambayo ilihitaji tu kuoshwa bodi kwa spiriti na mswaki, na kubadilishiwa sehemu ya chaji. Kitochi, aliniambia, hakitakaa mezani siku mbili. Wenye bodaboda wanavitaka kwa sababu chaji inakaa, wazee wanavitaka kwa sababu ya vitufe, na mama lishe anataka simu ya pili ya kupokelea pesa ambayo hata ikidondokea kwenye sufuria roho haitamuuma.

Tano zikawa za spea. Hapo ndipo nilipokaa saa mbili nikitazama, na chai yangu ikapoa. Alitoa vioo vilivyokuwa vizima, spika, maiki, vile vimota vidogo vinavyotetemesha simu, kamera, mikanda ya vitufe, hata skrubu, kila aina na kikopo chake. Kwenye bodi mbili alipuliza hewa ya moto kwa blowa, akasubiri risasi ilainike, akanyanyua IC ya chaji kwa kibano kama mtu anayetoa mwiba. Kile kipande ni kidogo kuliko punje ya mchele. Akanieleza kwamba simu za toleo hilo zikija mezani hazichaji, mara nyingi tatizo ni hapo, na kipande kipya kinabidi kiagizwe, wakati hiki kipo. Simu yangu iliyokufa mwaka 2018 ingemponya mtu wa mwaka huu, na huyo mtu hatajua.

Nataka kusema jambo hapa, na nalisema kwa moyo wote: huku ndiko kurejeleza. Tumezoea kudhani urejelezaji ni kitu cha kuja na wafadhili, mapipa matatu ya rangi tatu na picha ya mishale inayozunguka. Ripoti kubwa ya dunia kuhusu taka za umeme na elektroniki iliyotoka mwaka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu wenye kumbukumbu zilikuwa asilimia 22.3. Kwa Afrika, asilimia hiyo haifiki hata moja. Nilipoisoma niliona aibu kwanza, halafu nikakasirika kidogo, kwa sababu hesabu ile haimwoni fundi wangu. Haiioni Makumbusho, haiuoni Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, haioni barabara ya Luthuli kule Nairobi. Sehemu kubwa ya madhara ya simu kwa mazingira hutokea wakati wa kuitengeneza, kabla hujaitoa kwenye boksi. Kwa hiyo anayeifanya simu moja iishi mara tatu ameokoa kuliko anayeisaga kwa mashine nzuri baada ya miaka miwili. Katika hilo sisi si watu wa kufundishwa.

Lakini kuna ndoo.

Simu nyingine tatu hazikuwa na kitu cha kutoa. Bodi zilikuwa zimeota ukijani wa kutu, vioo vimemwaga wino. Mkono ukashuka chini ya meza: ko, ko, ko. Ndipo nikainama. Ndoo ilikuwa imejaa hadi nusu. Bodi za kijani na za bluu, vioo vilivyovunjika, maganda ya plastiki, mikanda ya shaba iliyokatika, waya zilizokunjwa, na katikati ya hivyo vyote, betri.

Nikamuuliza inakwenda wapi. Akasema kila baada ya muda anapita kijana mwenye mizani. Anachagua bodi, anazipima kwa kilo, bodi za simu janja bei yake na za vitochi bei yake. Waya anachukua kwa ajili ya kopa, yaani shaba. Plastiki hataki. Vioo hataki. Betri hataki kabisa. Hivyo vinavyobaki vinaingia kwenye gunia la taka kama maganda ya machungwa, gari la taka linavibeba, na gari la taka la Dar es Salaam mwisho wake ni dampo la Pugu Kinyamwezi. Fundi hakusema haya kwa kujificha. Alisema kama mtu anayesubiri umjibu: wewe ulitaka niweke wapi?

Kuhusu waya sikuhitaji kuuliza. Miaka ya nyuma tulipanga Mbagala, na nyuma ya nyumba yetu palikuwa na vijana wa vyuma chakavu. Jioni walikuwa wanawasha moto wa matairi, wanatupa humo marundo ya waya za chaja na za umeme, plastiki inayeyuka, asubuhi wanachukua shaba nyekundu iliyobaki kwenye majivu. Moshi ule una harufu inayoganda kooni. Tulikuwa tunaanua nguo na kufunga madirisha, tukaona tumemaliza. Sikujua wakati huo kwamba gamba la waya nyingi ni PVC, plastiki yenye klorini ndani yake, na kwamba klorini ile ikiungua kwenye moto usio mkali, tena pembeni ya shaba, inazaa dioksini, sumu ambayo inakaa kwenye udongo miaka na kupanda kwenye mafuta ya mwili wa kila anayekula kutoka udongo huo. Kuku wa kienyeji anakula kutoka udongo huo kwa kazi yake yote ya siku.

Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya kupima mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula Agbogbloshie, lile eneo la Accra, Ghana, lililojulikana dunia nzima kwa kuchoma waya na kompyuta. Walikuta kwamba mtu mzima akila yai moja tu la pale, anavuka mara 220 kiwango cha dioksini kwa siku ambacho Ulaya inakihesabu kuwa kinavumilika. Yai moja. Vibanda vya Agbogbloshie vilibomolewa na serikali Julai 2021, ila udongo haukubomolewa. Mimi nilisoma habari hiyo usiku, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kukumbuka tulikuwa tunanunua wapi mayai tulipokaa Mbagala. Tulinunua kwa jirani. Kuku wake walikuwa wanalala kwetu wakati mwingine.

Msaidizi wa fundi, kijana anayejifunza kazi, alisikia tunaongea kuhusu bodi akachangamka. Amekuwa akitazama video za watu wanaotoa dhahabu kwenye simu kwa tindikali, akataka kujua kama ni kweli. Ni kweli. Dhahabu imo, kwa sababu haishiki kutu na inapitisha umeme vizuri, ndiyo maana inapakwa kwenye viunganishi. Tani moja ya simu, bila betri, ina dhahabu kama gramu 340, fedha kilo tatu na nusu, na shaba kilo 130. Mtu wa Geita au Chunya akisikia gramu 340 kwa tani atadhani unatania, maana kuna migodi inayochimba mwamba wenye gramu chache tu kwa tani na bado inalipa. Kwa hiyo ndiyo, ndoo ile ni mwamba tajiri.

Lakini igawanye. Simu moja ina kama gramu 0.034. Unahitaji simu thelathini upate gramu moja, na hiyo ni kama hukupoteza hata chembe. Ili uipate kwenye beseni nyuma ya nyumba unahitaji tindikali ya naitriki, ambayo ikikutana na shaba inafuka moshi wa kahawia. Moshi huo unaweza usiukohoe sana leo, mapafu yakajaa maji usiku. Halafu tindikali iliyobaki, yenye risasi na shaba na kila kitu, inamwagwa kwenye mtaro, na mitaro ya upande wetu wa mji inajua njia moja tu, ya kwenda mtoni na baharini. Nilimwambia kijana yule yote haya. Nilimshika mkono kabisa nikamwomba asijaribu. Ana umri wa mdogo wangu wa mwisho.

Kazi ile inafanyika kwa usalama mahali pachache duniani, kwenye matanuri makubwa yenye vichujio vya moshi. Wajapani walionyesha kwamba inawezekana kwa wingi: kuanzia Aprili 2017 hadi Machi 2019 walikusanya tani 78,985 za vifaa vidogo vya elektroniki, zikiwemo simu zipatazo milioni 6.21, wakatoa humo madini yote ya medali karibu 5,000 za michezo ya Tokyo. Dhahabu iliyopatikana ilikuwa kilo 32. Nilipenda sana habari hiyo, na pia ilinifundisha unyenyekevu: milima ya simu na vifaa, kilo 32.

Tanuri jingine lipo Hoboken, pembeni ya Antwerp, Ubelgiji. Bodi zinatupwa humo, shaba inayeyuka na kuibeba dhahabu, fedha na paladiamu, kisha zinatenganishwa hatua kwa hatua hadi metali 17. Kampuni yenye kiwanda hicho inaitwa Umicore. Nilipofuatilia historia yake nikasimama. Umicore ni mtoto wa Union Minière du Haut-Katanga, ile iliyoanzishwa mwaka 1906 na kuchimba shaba na kobalti ya Katanga enzi za ukoloni. Watu wa Lubumbashi na Kolwezi, Waswahili wenzetu kwa lugha, mababu zao waliivuta shaba ile ardhini. Leo kobalti nyingi ya kwenye betri zetu inatoka huko huko Kolwezi, na koltani ya Rubaya, Kivu Kaskazini, imo kwenye vile vitone vidogo vya kutunzia umeme juu ya bodi. Simu ikifa Makumbusho, bodi yake ikabahatika kufuata njia iliyo halali, inakwenda kumalizikia kwenye tanuri la mrithi wa mchimbaji yule. Na ile tantalamu, metali inayotoka kwenye koltani ya Rubaya, ambayo watu wamefukiwa na udongo wakiitafuta, haipatikani tena kwa njia hiyo. Inapotelea kwenye takataka za tanuri.

Simlaumu mwenye tanuri. Nasema tu kwamba kabla sijajua haya, bodi mbovu kwangu ilikuwa uchafu. Sasa nikiiona naona watu.

Sheria zipo. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ulikataza taka hatari kuingizwa Afrika. Mkataba wa Basel, ule wa dunia kuhusu kusafirisha taka hatari, tangu tarehe 1 Januari 2025, unataka taka yoyote ya elektroniki inayovuka mpaka itolewe taarifa na nchi inayopokea ikubali kwanza. Ni jambo jema, linatulinda dhidi ya makontena ya vitu vibovu vinavyoitwa mitumba. Ila lina upande wa pili ambao nadra kutajwa: anayetaka kupeleka bodi mbovu nje, kwenye tanuri salama, naye anapita kwenye makaratasi hayo hayo, na kijana mwenye mizani hana ofisi ya kuyajaza. Tanzania ina kanuni za taka za elektroniki tangu mwaka 2021. Nairobi wana kituo cha WEEE (kifupi cha Kiingereza cha taka za umeme na elektroniki) kinachopokea na kubomoa vifaa kwa utaratibu, Rwanda wana kiwanda Bugesera. Kwa hiyo hatuanzi sifuri. Kinachokosekana ni kipande kifupi sana cha njia: kutoka ndoo ya Makumbusho hadi mlango wa mtu mwenye kibali. Kipande hicho ni cha bodaboda na gunia, na hakuna anayekilipia.

Maoni yangu ni kwamba anayetuuzia ndiye akilipie. Kila simu mpya inayovuka bandari ingekuja na senti zake za mazishi, na senti hizo zimfikie fundi kwa kila kilo ya kilichomo ndooni: betri, vioo na plastiki, kwa sababu bodi tayari ina mnunuzi. Niliwahi kupeleka betri mbovu kwenye duka kubwa la simu, lenye kiyoyozi na mabango ya kijani ya kutunza mazingira. Dada wa mapokezi alizitazama kama nimemletea panya. Hawapokei. Wanauza tu. Nikatoka nazo kwenye mkoba, jua la saa nane, nikiogopa zisiwake njiani.

Maana betri ndiyo hofu yangu kubwa kuliko vyote, na hapa naomba unisikilize kwa makini, hasa kama una watoto. Betri ya simu inavimba kwa sababu maji yake ya ndani yanageuka gesi. Ikifika hapo haiponi. Usiitoboe ili ipungue, usiikandamize irudi, usiichaji hata kidogo kujaribu. Ndani kuna tabaka mbili ambazo hazitakiwi kugusana, zimetenganishwa na utando mwembamba kuliko karatasi, na zikigusana zinawaka moto unaojilisha wenyewe. Wale wanaochomoa betri iliyogundishwa kwa kisu cha jikoni, acheni, mpelekeeni fundi. Ukiiweka kwenye gunia la taka, gari linaikandamiza na vingine, na moto unaanzia hapo. Funga vichwa vyake vya chuma kwa selotepu, iweke kwenye bati lenye mchanga mkavu, mbali na jiko na mbali na mlango wa kutokea.

Betri zinazotoka zilikuwa baraka ambayo hatukuijua. Ile BL-5C ya Nokia imepita kwenye simu, ikahamia kwenye redio ndogo za wazee, ikahamia kwenye taa, kwa sababu mtu aliweza kuishika mkononi. Leo simu nzima inatupwa kwa sababu betri imegundishwa. Umoja wa Ulaya umeagiza kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Natamani tudai hivyo hivyo kwa simu zinazoletwa kwetu, sisi ambao joto na umeme wa kukatika vinazimaliza betri mapema.

Kuna kitu kingine kinachozifanya simu zibaki uvunguni, na si uvivu. Ni siri. Shoga yangu ana simu nne kabatini na hatazitoa, kwa sababu zina picha zake za ujauzito na mazungumzo ya ndoa iliyovunjika. Namwelewa kabisa. Kwa hiyo fanya hivi kabla hujampa mtu: toa laini na memori kadi, zote mbili, angalia mara mbili. Hamisha picha. Kisha toka kwenye akaunti yako ya barua pepe ndani ya simu, halafu ndipo uifute irudi kama ilivyotoka kiwandani. Wengi wanafuta bila kutoka kwenye akaunti, simu inajifunga na kudai nywila ya mwenye kwanza, na simu nzima yenye afya inageuka spea. Fundi alinionyesha simu tatu za namna hiyo, zinang'aa, hazina hata mkwaruzo. Kama haiwaki na ina mambo mazito, mwombe fundi aivunje kumbukumbu mbele yako. Atakuelewa. Ameombwa na wengi.

Ile ya bibi aliifungua mwisho, baada ya kuniuliza mara mbili. Bodi ilikuwa nzima lakini haina faida, IMEI yake imefungiwa. Kioo hakina simu ya kukipokea. Akachomoa spika, kubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili, akaishikiza waya mbili na kuijaribu. Ikapiga hadi konda wa daladala akageuka. "Hii mali," fundi akasema, na akaiweka kwenye kikopo chake. Wiki iliyofuata nilipopita kuchukua Samsung, alikuwa ameshaifunga kwenye redio ya mlinzi wa duka la jirani. Nilisimama pale nikasikiliza taarifa ya habari hadi mwisho, na sikukumbuka hata habari moja.

Betri nne nilirudi nazo mimi, sikutaka ziingie ndooni. Zipo kwenye bati la maziwa ya unga, kwenye mchanga, barazani chini ya ngazi, mfuniko umeegeshwa tu bila kukazwa ili gesi isibanwe. Nimeandika kwa maka peni: BETRI MBOVU, USIGUSE. Majirani wawili wameshaleta zao. Nimemwomba fundi namba ya yule kijana mwenye mizani, nataka nimuulize kama anamfahamu mtu yeyote, popote, anayezipokea. Hajapokea simu bado.